Koreografia ya skrini nyingi ni nini?

Koreografia ni utunzi wa miondoko: nani asogee, aelekee wapi, kwa kasi gani, atulie lini. Jukwaani mtunzi anajua watazamaji wameketi upande mmoja, basi anaielekeza kazi yote kwao. Instalesheni ya video yenye skrini nyingi inamwondolea uhakika huo. Skrini 3, 4 au zaidi husimamishwa sehemu mbalimbali za ukumbi, kila moja na picha yake, na mtazamaji hutembea katikati yake bila kuweza kuziona zote kwa pamoja. Kwa hiyo hapa hutungwa mambo manne kwa mpigo: mwili wa mchezaji, kamera, mpangilio wa skrini, na shingo ya mtazamaji.

Shingo naitaja kwa makusudi. Mchezaji akitulia kabisa kwenye skrini ya kushoto, na mkono ukainuka kwenye skrini ya kulia, macho yatakimbilia mkono. Ngoma ikilia kutoka spika ya kona ya nyuma, watu watageuka. Kutulia, basi, ni hatua ya kuhesabiwa sawa na kuruka. Mtunzi anayejaza miondoko kwenye kila skrini humchosha mgeni, naye huchagua moja tu akaitazama hadi mwisho.

Sisi wa Mombasa tuna pa kuanzia. Ngoma zetu nyingi hazina upande wa mbele. Huchezwa watu wakiwa wamezunguka, na anayetazama husogea apendavyo. Chukua kirumbizi, ule mchezo wa fimbo wa wanaume wawili. Mweke mmoja kwenye skrini ya mashariki, mwenzake kwenye skrini ya magharibi, wakitazamana. Fimbo inashuka huku, inakingwa kule, na mtazamaji amesimama palepale fimbo zingegongana. Jambo hilo jukwaa haliwezi kulitoa, na kwangu hicho ndicho kipimo: kama ngoma ingefaa vilevile kwenye skrini moja, hizo nyingine hazina kazi.

Kamera nayo hucheza. Mwaka 1945, nchini Marekani, mtengenezaji filamu Maya Deren alimrekodi mchezaji Talley Beatty akianza kuinua mguu msituni na kuushusha ndani ya nyumba. Hatua ilikuwa moja, mahali pawili, na aliyepaunganisha ni mhariri. Skrini zikiwa nyingi, kiungo hicho hutoka kwenye meza ya uhariri kikaingia ukumbini, kwenye nafasi tupu baina ya skrini na skrini.

Nafasi hiyo hupigiwa hesabu. Tuseme mchezaji anaonekana kwa kimo chake halisi na anakwenda mita 1.5 kwa sekunde, na pengo ni mita 3. Lazima apotee kwa sekunde 2. Kwa video ya picha 25 kwa sekunde, hizo ni picha 50. Akiwahi, anaonekana kama watu wawili. Akichelewa, jicho linaacha kumngoja. Akizunguka ukumbi kwa mwendo wa mishale ya saa, kila mara atokee kushoto na kupotelea kulia. Ndiyo maana mazoezi hufanywa baada ya kupima ukumbi, utepe ukiwa umebandikwa sakafuni, na karatasi ya manila ukutani yenye safu moja kwa kila skrini na sekunde zikishuka pembeni.

Kuna pia suala la mzunguko. Video hujirudia kutwa na mgeni huingia wakati wowote, kwa hiyo mkao wa mwisho uungane na wa kwanza. Ukirekodi kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, mwanzo na mwisho virekodiwe saa ileile. La sivyo kivuli kitaruka ukutani na kiungo kitafichuka.

Nimebakiza ushirikiano, na hapa ndipo ninapoomba uangalifu mkubwa zaidi. Mchezaji, mpigapicha, mhariri na mpiga ngoma wote ni watunzi wa kazi hii, kwa sababu uamuzi wa mmoja hubadilisha hatua ya mwingine. Chakacha inatuonyesha uzito wake. Ni ngoma ya kiuno, na kina mama wameicheza harusini wao kwa wao, mahali ambapo kila aliyemo anajulikana. Kiuno hicho kikivutwa karibu na kamera kikajaa ukuta wa mita 3 mbele ya wapita njia, si ngoma ileile tena, hata kama hakuna hatua iliyobadilika. Mchezaji apewe nafasi ya kuitazama video ikiwa imewashwa ukumbini, skrini zote pamoja, kabla ya milango kufunguliwa. Kuionyeshwa kwenye simu hakutoshi. Akikataa picha fulani, iondolewe na sehemu hiyo itungwe upya kwa nyayo, kwa kanga inayopepea, au kwa mikono ya wanaopiga makofi.