Kuku kuhara damu: si virusi vya kumpata mlaji

Kila masika, vikundi vya simu hapa Pemba huzungushiwa ujumbe uleule: kuku wanaohara damu wana virusi visivyo na dawa, na anayekula mayai yao huambukizwa. Si kweli, na inaniuma kuona mama anatupa trei nzima kwa hofu.

Kinachowaharisha vifaranga damu mara nyingi ni koksidia, yaani Eimeria, kimelea cha seli moja kinachochanachana utando wa utumbo. Baadhi ya Eimeria kweli hubeba virusi, na hapo ndipo maneno yalipochanganyika. Lakini virusi hivyo humo ndani ya kimelea ndimo vinamoishi, na Eimeria wa kuku haambukizi watu. Tena kuna mdondo, ugonjwa mwingine wa kuku, ambao ni wa virusi hasa, una chanjo bila tiba. Wengi huuchanganya na huu wa koksidia.

Ukitaka uhakika, mpelekee daktari wa mifugo kinyesi kibichi kwenye mfuko safi. Kwa hadubini ya kawaida mayai ya kimelea huonekana, madogo yenye ganda. Dawa ipo, mfano amproliamu, nayo humkabili kimelea. Yai lipike liive, kama siku zote.

Ujumbe ule ukikufikia, usiutume mbele. Ingia bandani, fumbata maranda: yakishikana kama unga uliokandwa, yatoe leo, maana kwenye unyevu na joto mayai ya kimelea hukomaa kwa siku 1 au 2 tu.