Je, wajua? Picha iliyochomwa kwenye ubao ilipataje vivuli bila tone la rangi?

Umewahi kusahau pasi ya mkaa juu ya shati jeupe la pamba? Ukishtuka mapema, unakuta doa la manjano. Ukichelewa kidogo, limekuwa la kahawia. Ukienda kuitikia hodi mlangoni, ukirudi ni jeusi, pengine na tundu juu yake. Wasanii waliochora kwa moto katika karne ya 19 walikuwa wakifanya kosa hilohilo kwa makusudi, tena na tena, kwenye ubao mmoja.

Mmoja wao ni Robert Ball Hughes, mchongaji sanamu mzaliwa wa London aliyehamia Marekani na kufia Dorchester, Boston, mwaka 1868. Sanamu yake ya marumaru ya Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, ilisimamishwa New York mwaka 1835, ndani ya jengo la soko la wafanyabiashara. Desemba ya mwaka huohuo, moto mkubwa ukateketeza jengo na sanamu yake. Miaka mingi baadaye mtu huyohuyo akaufanya moto kuwa kalamu yake. Ningeitunga hadithi kama hiyo, nani angeniamini?

Sasa, vivuli vilitoka wapi? Mfano wa shati si wa kubahatisha. Pamba ni selulosi, yaani dutu inayojenga nyuzi za mimea, na ubao nao kwa sehemu kubwa ni selulosi, pamoja na dutu nyingine mbili za mti, hemiselulosi na lignini. Joto likipita kama nyuzi 200 za Selsiasi, hemiselulosi huanza kuvunjika na ubao unageuka kahawia. Likizidi 300, selulosi nayo inavunjika, mvuke na gesi vinatoka, na kinachobaki ni kaboni, yaani mkaa. Kwa hiyo msanii hakuwa na chupa ya kahawia wala nyeusi. Alichokuwa nacho ni joto la chuma na muda wa kukigusisha. Nyeupe ya jicho au ya kola ni ubao wenyewe, haukuguswa. Akiteleza, hakuna kufuta. Labda akwangue kwa kisu.

Na chuma hakikumsubiri. Kilitiwa kwenye makaa, kikatoka chekundu, kikaanza kupoa palepale. Kikiwa cha moto kabisa ni cha kivuli kizito cha joho. Kikishapoa kidogo ndipo kinafaa shavu. Ubao nao una ukaidi wake: palipo laini panaungua haraka, kwenye mistari migumu ya ukuaji wa mti moto unasita, na mstari unatoka na vidonda. Ndiyo maana mbao nyeupe zenye nyuzi za karibukaribu zilipendwa.

Shida ya chuma kupoa ilitatuliwa na daktari. Katika miaka ya 1870, Mfaransa Claude Paquelin alibuni kifaa cha kuchomea vidonda: ncha ya platini yenye uwazi ndani, inayolishwa mvuke wa benzini kwa kubinya mpira mkononi, ikabaki na moto muda wote. Wachoraji wakakichukua. Mistari ikawa laini zaidi, ingawa mimi bado navutiwa na picha za chuma cha makaa.

Ukibahatika kusimama mbele ya mojawapo, usiitazame usoni tu. Sogea ubavuni, mwanga ukipiga kutoka pembeni: penye weusi ubao umebonyea, maana kilichoungua kimesinyaa, na penye weupe umebaki juu, kama ulivyotoka kwa seremala.