Maji yakikauka, dubwana linabaki godoro

Kazi yangu ni kuhariri filamu. Vijana wanaoanza huniuliza nilijifunzia wapi kukata tukio la kutisha, nami huwapa jibu lisilowafurahisha: kwenye filamu mbovu. Hasa zile za madubwana ya baharini za miaka ya 70, zilizotengenezwa Marekani na Italia kwa hela ya kuokoteza. Nilianza kuziona nikiwa mdogo, kwenye kanda za VHS ambazo jalada lake lilishapotea zamani, picha inacheza, nusu ya sauti imeliwa na mashine. Leo nazirudia nikiwa na kitufe cha kusimamisha, fremu kwa fremu, na bado zinanifundisha.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki kutengeneza filamu fupi ya jini la baharini, tukapiga picha ufukweni Kigamboni. Bajeti ilikuwa ya nauli na wali maharage. Vazi la jini tulilishona kwa sponji la godoro, tukalipaka gundi, kisha rangi ya kijani. Nchi kavu lilipendeza, hata watoto walikimbia. Tulipoingia majini, kijana aliyelivaa akaelea chali kama mlango uliong'oka. Sponji halizami. Tukamfunga mawe kiunoni. Baada ya robo saa sponji likanywa maji, na sasa halikutaka kuibuka. Kijana akatoa kichwa, akatema maji ya chumvi, akasema, "Kaka, hili godoro litaniua, na hela yenyewe hamjanilipa." Tulimvuta nje watu watatu.

Siku ile nilielewa kitu ambacho filamu zile zilikuwa zikinionyesha muda wote. Maji ndiyo vazi zuri kuliko yote ambalo dubwana linaweza kuvaa, na ni vazi la bure. Lakini kupiga picha majini ni gharama inayofilisi watu. Asiye na hela anabanwa katikati hapo, na ujanja wote wa filamu hizi ulizaliwa kwenye kubanwa huko.

Hata wenye hela walibanwa. Jaws, filamu ya papa ya Steven Spielberg, iliyotoka Juni 1975, ilipangiwa siku 55 za kupiga picha kisiwani Martha's Vineyard. Zikafika 159. Bajeti iliyoanza kama dola milioni 4 ikaishia kwenye milioni 9 hivi. Papa wa mashine, waliyempa jina la Bruce, alikuwa akiendeshwa kwa hewa ya kusukumwa kwenye mipira, na maji ya chumvi yakamla. Kwa kuwa hakuwa tayari, ikabidi filamu iende bila yeye, na zaidi ya saa moja inapita kabla hujamwona sawasawa. Wengi wanaijua habari hiyo. Mimi napenda zaidi kile kipande cha kichwa cha mvuvi kinachochungulia kwenye tundu la mashua iliyozama. Spielberg alikiongeza mwishoni, picha zote zikiwa zimeshapigwa, na hakukipigia baharini. Alikipigia kwenye bwawa la kuogelea la nyumbani kwa mhariri wake, Verna Fields, wakamwaga maziwa ya unga ili maji yawe na ukungu kama ya bahari. Filamu ya mamilioni, na shoti iliyorusha watu vitini ikatoka kwenye bwawa la nyumbani na maziwa ya unga. Nikisoma hilo nalala vizuri.

Sasa mgeukie Roger Corman, mtayarishaji aliyekuwa bingwa wa kubana matumizi. Huyu bahari aliizoea mapema. Mwaka 1954, filamu ya kwanza aliyoitayarisha ilikuwa Monster from the Ocean Floor, na nyambizi ndogo ya mtu mmoja inayoonekana humo hakuilipia hata senti. Aliiomba kwa kampuni iliyoiunda, nayo ikampa ili itangazwe. Mwaka 1970 akaanzisha kampuni yake, New World Pictures, na Jaws ilipovunja rekodi, watu wa aina yake waliona jambo la ajabu: Hollywood kubwa imechukua hadithi ambazo wao walikuwa wakizitengeneza kwa senti na kuzifanya kwa noti. Jibu lake lilikuja Agosti 1978, nalo liliitwa Piranha.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu filamu hii ni darasa.

Mwongozaji alikuwa Joe Dante, kijana aliyetoka kwenye chumba cha kukata trela, vile vipande vifupi vya kutangazia filamu, za kampuni hiyo hiyo. Hilo ni la kuzingatia. Mtu wa trela kazi yake ni kuchukua filamu ambayo dubwana lake halitazamiki na kuifanya kwa dakika mbili ionekane ya kutisha. Anajua ni fremu ngapi hasa jicho linahitaji ili liamini, na ni fremu ya ngapi linaanza kushtuka kwamba limeona plastiki. Mwandishi alikuwa John Sayles, ambaye malipo ya kumwandikia Corman yalimsaidia kutengeneza filamu yake mwenyewe, Return of the Secaucus Seven. Hadithi: jeshi la Marekani lilifuga samaki wenye meno kwa ajili ya vita vya Vietnam, wanaoweza kuishi maji baridi na ya chumvi, wakatoroka mtoni, na sasa wanaelekea chini, kwenye kambi ya watoto, kwenye sehemu ya starehe, na mwisho baharini. Picha za nje zilipigwa Texas. Bajeti haikufika dola milioni moja.

Na samaki je? Samaki wa mpira, wamechomekwa kwenye vijiti, watu wanavisukuma. Basi. Ndiyo teknolojia yenyewe.

Chukua tukio lolote la shambulio, ulitazame polepole. Mguu wa mtu unapiga maji. Kata. Kundi la vivuli linapita kutoka kulia, hujapata kuhesabu. Kata. Mdomo mmoja, karibu kabisa, umeshika nyama. Kata. Povu. Kata. Uso wa mtu juu ya maji akipiga kelele. Kata. Maji mekundu. Vipande vingi havifiki sekunde moja. Samaki wa kijiti hawezi kugeuka wala kukunja mkia, anakwenda mbele na kurudi nyuma kama mswaki. Kwa hiyo haachiwi nafasi ya kukosea. Anapita, anatoka, na kabla akili yako haijauliza swali unapewa povu. Povu ndilo linalobeba filamu nzima: linaficha vijiti, linaficha mikono ya wasukumaji, na linampa mhariri mahali pa kukatia popote anapotaka, maana povu la shoti moja linafanana na povu la shoti nyingine. Juu yake inawekwa sauti, mlio mwembamba wa haraka haraka unaokwaruza meno. Funga sauti, utacheka. Funga macho ubaki na sauti, utakunja vidole vya miguu.

Kampuni ya Universal, iliyokuwa na Jaws 2 sokoni mwaka huo huo, ilifikiria kwenda mahakamani kuizuia Piranha. Inasimuliwa kwamba Spielberg mwenyewe aliiona, akaipenda, na yakaisha. Waitaliano hawakuwa na bahati hiyo: filamu yao ya papa, L'ultimo squalo ya Enzo G. Castellari, iliondolewa kwenye majumba ya sinema ya Marekani mwaka 1982 kwa sababu ya kesi ya kampuni hiyo hiyo.

Kinyume cha Piranha ni Octaman ya mwaka 1971. Mwongozaji wake, Harry Essex, alikuwa mmoja wa waandishi wa Creature from the Black Lagoon ya 1954, ile ya mtu-samaki ambayo kila vazi la mpira lililofuata ni mjukuu wake. Octaman ni mtu-pweza. Vazi lilitengenezwa na vijana wawili, Rick Baker na Doug Beswick. Baker alikuwa na miaka kama 20 tu. Baadaye alikuja kuchukua Oscar 7 za sanaa ya urembo wa filamu. Kwa hiyo kosa halikuwa la fundi. Kosa ni kwamba dubwana linaonyeshwa mapema mno, lote, na kwenye mwanga. Linatembea nchi kavu kwa miguu miwili, mikono mingine ya pweza inaning'inia ubavuni kama mipira ya kumwagilia bustani. Hakuna maji ya kulificha, hakuna povu. Ukishaliona dakika za mwanzo, saa nzima iliyobaki ni ya kumtazama mtu aliyevaa vazi zito akijitahidi asijikwae.

Zaat ya Florida, mwaka huo huo wa 1971, ilitengenezwa kwa dola 75,000 na Don Barton wa Jacksonville, na inanikuna kwa sababu nyingine. Mwanasayansi anajigeuza kuwa nusu mtu, nusu kambale, na anatuma kambale wanaotembea nchi kavu kuvamia mji. Mmarekani wa leo anacheka: samaki anatembea? Lakini Florida ya wakati ule walikuwa wameingia kweli kambale kutoka Asia, waliotoroka mabwawa ya wafugaji mwishoni mwa miaka ya 60, na watu waliwaona wakivuka barabara usiku wa mvua. Kambale wetu wa mitoni na mabwawani ni ndugu wa ukoo mmoja nao. Mtu wa Morogoro aliyewahi kumkuta kambale hai kwenye tope baada ya bwawa kukauka hatapata shida kuamini sehemu hiyo. Shida ataipata kwa mwanasayansi.

Zaat ina shoti chache za chini ya maji ambazo ni nzuri kweli, zilizopigwa kwenye chemchemi za Florida. Hili nalo ni la kujua: "bahari" nyingi za filamu hizi si bahari. Chemchemi za Florida ni maji baridi, meupe kama kioo, hayana mawimbi wala chumvi ya kula mashine. Shoti za chini ya maji za Creature from the Black Lagoon zilipigwa Wakulla Springs, ambako mwogeleaji Ricou Browning alivaa vazi na kuvuta pumzi kwenye mpira wa hewa uliofichwa nje ya picha. Baada ya hapo, kila mwenye vazi la mpira na hela kidogo alijua pa kwenda.

Mwaka 1977 akaja pweza. Tentacles iliongozwa na Ovidio Assonitis, fedha za Italia, waigizaji wa Marekani wenye majina makubwa: John Huston, Shelley Winters, Henry Fonda. Mtu anajiuliza walibakiza nini kwa ajili ya pweza. Walibakiza pweza mwenyewe. Shoti nyingi ni pweza halisi, wa ukubwa wa kawaida, kwenye tangi lenye vimashua vya kuchezea, kamera ikiwa karibu sana ili aonekane kama nyumba. Mtazamaji wa Ohio labda alitetemeka. Mimi nilikulia Tanga. Bibi yangu alikuwa akienda pwani maji yakitoka, na kijiti chake, anachokoa mashimo ya mwamba, anarudi na pweza wawili kwenye kapu. Tulipewa kazi ya kuwapiga kwenye jiwe walainike. Kwa hiyo pweza alipotanda kwenye skrini na muziki ukapanda, mimi nilimwona mchuzi wa nazi. Halafu mwishoni nyangumi wauaji wawili wanamrarua, na kwa macho yangu ya mpiga pweza, yule alikuwa ameshakufa kitambo. Pweza hai hushika. Yule alikuwa anavutwa tu.

Hata hivyo Tentacles ina tukio moja nisiloliacha. Ni mashindano ya mashua, watoto wengi majini, na kitu kinakuja kikiwa kimeinua kichwa kidogo tu juu ya maji, kinateleza moja kwa moja bila haraka. Hakuna mikono, hakuna mdomo. Ni nundu tu na mstari wa maji nyuma yake. Kwa nundu ile peke yake niliwasamehe mengi.

Chanzo cha madubwana haya karibu siku zote ni mwanadamu: mionzi, kemikali, jeshi, kampuni inayochimba chini ya bahari. Slithis ya 1978 iliibuka kwenye tope lililochafuliwa na nyuklia, ikaja kuua watu Venice, California. Huku kwetu kinachotoka baharini kina ukoo wake na sababu zake, wala hakihitaji kiwanda. Kwao ilibidi awepo mtu wa kulaumiwa.

Ya mwisho ya mkondo huu kwangu ni Humanoids from the Deep ya 1980, ya New World tena. Mavazi ya Rob Bottin ni mazuri mno, na wanayatumia usiku, kwenye moshi, yakiwa yameloa. Vazi lililoloa linameta, na kinachometa jicho hukikubali kuwa ngozi. Lakini mwongozaji, Barbara Peeters, alipomaliza, viliongezwa bila yeye vipande vya madubwana kubaka wanawake, vikapigwa na mtu mwingine. Aliomba jina lake liondolewe, wakakataa. Ukiitazama unaona kabisa mahali mkono mwingine ulipoingia, kama kiraka cha kitambaa kingine kwenye kanga. Naifundishia uhariri, ila sehemu zile naziruka.

Na vazi letu la Kigamboni? Tulilianika juu ya paa la ofisi. Lilichukua siku nne kukauka, likanuka wiki tatu. Filamuni nilibakiza kiganja, kisigino, na povu jingi. Godoro lenyewe akalichukua mlinzi, akalikata, akajitengenezea mto.