Uvimbe wa kinena baada ya katheta si mtoki

"Mtoki tu huu, daktari. Shangazi ameshaukanda kwa maji ya moto." Nimeambiwa hivyo tena wiki hii hapa Mtwara, na mtu aliyewekewa stenti (kijibomba cha wavu kinachoweka wazi mshipa wa moyo) Dar es Salaam kwa katheta, mrija mwembamba uliopitishwa kinenani, akarudi kwa basi, zaidi ya kilomita 500. Nawaombeni sana: aliyetobolewa ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, ili mrija huo upite, asikandwe!

Mtoki ni tezi. Huvimba ukiwa na kidonda mguuni, na haudundi. Weka vidole taratibu juu ya uvimbe. Ukidunda pamoja na moyo, huenda tundu la ateri halijaziba: damu inatoka, inajaza mfuko pembeni, inarudi. Mfuko huo hauna ukuta wa mshipa, umezuiwa na damu iliyoganda na nyama za jirani tu. Mikono ya shangazi inavunja hicho hicho kinachozuia, na maji ya moto yanatanua mishipa. Hata usiodunda, ukiwa mgumu au unakua, njoo upigwe ultrasaundi ya dopla, kipimo kinachoonyesha damu inavyopita. Mfuko mdogo mara nyingi huziba wenyewe tukiufuatilia. Mkubwa tunauchoma dawa ya kugandisha damu, au unapasuliwa. Kila mgonjwa wangu namwambia achore mstari wa kalamu kuzunguka uvimbe. Ukivuka mstari, asingoje asubuhi.

Damu ikichuruzika nje, lala chali, mtu akandamize kwa nguvu juu kidogo ya alama ya sindano, upande wa tumbo. Sindano huingia kwa mshazari, kwa hiyo tundu la ateri liko juu kuliko la ngozi. Asifunuefunue kuchungulia.

"Mimi niliwekewa kizibo kwenye tundu la ateri, naweza kubeba gunia la korosho." Huwezi, si wiki hiyo. Kizibo cha kolajeni kinakuwezesha kuinuka kitandani mapema, kisha kinayeyuka kwa miezi 3 hivi. Mara chache chenyewe huziba ateri: mguu ukiwa wa baridi, umepauka na una ganzi, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

"Mgongo unauma kwa sababu ya basi." Ukiuma kiunoni au ubavuni huku unatoka jasho la baridi na kizunguzungu, damu inaweza kuwa inavujia nyuma ya tumbo, na kinena kisivimbe hata kidogo.

Na wanaoacha aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, ili "damu ikate": stenti mpya bila dawa hizo inaweza kuziba ghafla, na huo ni mshtuko wa moyo. Njoo na vidonge vyako, tutaamua pamoja.