Kimbunga cha 1872 na dhana ya ikweta

Ingawa kimbunga Hidaya kilifika Mafia mwezi Mei 2024, hapa Dodoma bado husikika dhana ya zamani kwamba ikweta huikinga Tanzania yote dhidi ya vimbunga. Ni kweli kwamba karibu na ikweta, takriban ndani ya nyuzi 5, mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuzungusha upepo hadi uwe kimbunga. Lakini Unguja iko nyuzi 6 kusini. Aprili 1872, enzi za Sultani Barghash, kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja na kuzamisha vyombo bandarini, maafa yasiyostahili kusahaulika, na Pemba, iliyoathirika kidogo, ikawa kitovu cha karafuu. Dodoma, iliyo karibu latitudo ileile, husalimika kwa kuwa mbali na bahari yenye joto inayokilisha kimbunga.