Je, wajua kwa nini Ijumaa mchana hadi Jumapili alfajiri inaitwa siku tatu?

Nikiwa darasa la sita nilibeba kalkuleta kanisani. Yesu alikufa Ijumaa saa tisa mchana, kaburi likakutwa wazi Jumapili kungali giza, weka kama saa kumi na moja alfajiri, hayo ni masaa 38, na siku tatu ni masaa 72. Mwalimu wa shule ya Jumapili akaniambia niwe na imani tu, mi nikatoka pale na ile kidogo niliyokuwa nayo imepungua, na kwa miaka mingi kwenye kanuni ya imani tukifika "siku ya tatu akafufuka" nilikuwa nanyamaza hadi ipite.

Kumbe shida ilikuwa kalkuleta. Wayahudi wa wakati ule hawakupima masaa yaliyopita, walihesabu siku zilizoguswa, hata kama imeguswa kidogo tu. Sisi Nairobi hesabu hiyo tunaijua, sema tunaijua mahali pabaya. Tulipeleka marehemu wetu mochari Ijumaa jioni, tukamchukua Jumapili asubuhi, bili ikasoma siku tatu. Mjomba akabishana weee, ati hiyo ni siku moja na nusu, karani hata hakuinua kichwa, akagonga kalenda kwa kalamu: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Mjomba akalipa.

Ongeza hapo kwamba siku yao ilianza jua likizama, ndiyo maana mazishi yalifanywa mbio mbio kabla Sabato haijaingia. Kwa hiyo Ijumaa iliguswa masaa machache, Jumamosi nzima, Jumapili usiku wake tu. Hili halifai kutushangaza sana, wazee wa Pwani bado wakisema "usiku wa Jumapili" wanamaanisha ule wa kuamkia Jumapili, na saa tisa ya Biblia ni saa tisa yetu hii hii, Mwingereza ndiye inabidi apige hesabu kwanza.

Sasa kuna Mathayo 12:40, Yesu anajifananisha na Yona aliyekaa tumboni mwa samaki, kwamba naye atakaa ndani ya ardhi siku tatu mchana na usiku. Hapo usiku ni mbili tu hata ukihesabu vipi, na kuna watu kwa sababu hiyo wanasema alisulubiwa Jumatano au Alhamisi. Mi naona malkia Esta wa Agano la Kale anasaidia: aliagiza mfungo wa siku tatu usiku na mchana, halafu siku ya tatu yenyewe akaingia kwa mfalme, hakungoja ziishe. Yaani ilikuwa namna ya kusema. Lakini ni mfano mmoja, siwezi kuapa nao.

Sehemu ninayoipenda ni Luka 24. Wafuasi wawili wa Yesu wanatembea kwenda kijiji cha Emau jioni ya Jumapili ile ile, wanamwambia mgeni wa njiani kwamba walikuwa wakitumaini, yaani tumaini tayari limeshakuwa la zamani, na hapo hapo wanataja kwamba leo ni siku ya tatu. Walikuwa wanahesabu! Wakifika wanamsihi aingie alale kwao kwa sababu jua linazama, na kwa hesabu yao jua likizama siku ya tatu imeisha. Akaingia, wakakaa mezani, akamega mkate, ndipo wakamtambua kuwa ni Yesu.