Mpango wa maafa si faili ya kaunti: maneno tunayoyaamini kutoka Nyando hadi Bunyala

Kila mwaka ikifika Aprili TV inaonyesha watu wale wale wa Kano, ile tambarare ya mto Nyando karibu na Kisumu, maji ya mafuriko magotini, mtu anashikiwa maikrofoni anasema serikali saidia, halafu ikifika Agosti kila mtu ashasahau mpaka msimu mwingine. Mimi nakaa huku Kano na niko kwa kamati ya maafa ya kata yetu, ile ya kujitolea, hakuna mshahara. Kinachonikera saa zingine kuliko hata maji yenyewe ni vile watu huongea kuhusu kujiandaa. Kuna maneno yamezoeleka, ofisini yanasemwa, barazani yanasemwa, steji ya boda yanasemwa, na mengi si ya kweli.

"Kupanga ni kazi ya wataalamu"

Hii ndio mama yao. Mpango unaandikwa kwa Kiingereza kizito, unazinduliwa kwa hoteli hapo Kisumu, watu wanapiga picha na bango, unawekwa kwa mtandao kama PDF na basi. Ukiuliza naibu wa chifu kama ana nakala anakuangalia tu.

Si ati wataalamu hawana kazi. Mtu wa mito anajua kupima maji, setilaiti inaona mto wote mara moja. Lakini kuna vitu setilaiti haioni. Siku moja tulichora ramani ya kijiji chini, kwa uwanja wa kanisa, majivu ndio mto, vifuniko vya soda ndio nyumba, magunzi ya mahindi ndio shule na soko. Wanaume walianza, wakaweka barabara ya lami vizuri, wakasema maji huingia kupitia darajani. Mama mmoja alikuwa amekaa nyuma na mtoto mgongoni, akainuka, akayapangua yale majivu na mguu, akasema hapana, maji huanza hapa nyuma ya posho mill, kwa ule mtaro ng'ombe wamechimba na kwato wakienda kunywa maji, na kisima ndicho hufunikwa kwanza, hiyo barabara yenu hufunikwa kesho yake. Wamama wote wakaitikia. Wazee wakanyamaza, halafu mmoja akakubali kwamba masaa hayo yeye huwa sokoni. Ikabidi tuhamishe pahali tulikuwa tumepanga watu wakutanie, juu tungekuwa tunawapeleka majini na filimbi mdomoni.

Hicho ndicho chombo cha kupanga. Ramani ya chini, kalenda ya misimu (lini watu wanapanda, lini chakula kimeisha, lini watoto wako shule), kutembea kijiji kizima mkiangalia mitaro, na orodha ya nani anakaa wapi. Red Cross na mashirika mengine wamezitumia hizi mbinu miaka mingi na gharama yake kubwa ni chai. Lakini pia tusidanganyane upande wa pili, ati wenyeji wanajua kila kitu. Kumbukumbu hufika pale maji yaliwahi kufika. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipita kile kiwango cha 1964, zile mvua za wakati wa uhuru, na watu wa kando ya ziwa, Dunga na Nyakach na Bunyala, waliona maji yakikaa kwa boma ambazo wao wenyewe hawakuwahi kuyaona. Hapo unahitaji mtu wa vipimo akuambie kwamba ziwa linaweza kufika. Hizo ramani mbili ziwekwe meza moja, ya majivu na ya kompyuta, na pale zinapokosana ndipo mkutano uchukue muda mrefu.

"Watu wa Met hudanganya"

2015 Met, yaani Idara ya Hali ya Hewa, walituambia El Niño inakuja, watu wakajipanga wakikumbuka ile ya 1997, haikuja vile ilivyoogopwa. 2023 ikageuka. Oktoba Rais mwenyewe akatangaza kwamba utabiri umebadilika na ile mvua kubwa haitakuwa, kabla ya mwaka kuisha mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100 nchini. Sasa mtu wa kawaida akisikia hivyo anasema hawa wote ni waganga tu.

Shida ni vile tunasoma. Utabiri wa msimu haisemi itanyesha Jumanne Ahero. Unasema uwezekano wa mvua kupita kawaida ni, tuseme, asilimia 55, kwa eneo kubwa kama lote hili la ziwa. Kumaanisha hata ikisomwa sawasawa kabisa, misimu minne au mitano kati ya kumi haitakuwa hivyo, na hapo hakuna mtu amedanganya. Mpango mzuri unajua hilo na unapanga kazi kwa ngazi. Ukisikia utabiri wa msimu unafanya vitu ambavyo hata mvua isipokuja hujapoteza, kufukua mitaro, kuhesabu mashua, kuangalia kama funguo za shule ya kuhamia ziko kwa nani. Utabiri wa siku tano ukiwa mbaya, unapandisha mahindi juu, unachaji simu, dawa za mgonjwa unaziweka kwa karatasi ya nailoni. Maji yakigusa ile alama ya rangi kwa nguzo ya daraja, hapo hakuna mjadala tena, watu wanatoka. Alama yenyewe iamuliwe kiangazi watu wakiwa wametulia, si usiku mkianza kubishana.

Na kwa wale wanaosema utabiri wa kizungu na wa kienyeji ni maadui, waende Bunyore waulize. Wazee wa ukoo wa Nganyi, wanaosoma mvua kwa miti na ndege na mchwa, wamekaa meza moja na watu wa Idara ya Hali ya Hewa wakalinganisha na wakatoa utabiri wa pamoja. Watu huko walisikiliza zaidi, nadhani juu ulitoka kwa mdomo wanaoujua.

"Hapa hakujanyesha"

Hii imeua watu. Nyando inatoka juu huko Nandi na Tinderet, Nzoia, mto wa Bunyala, inatoka Mlima Elgon na Cherang'any. Kano inaweza kuwa na jua la kuchoma nywele na maji yanashuka. Nzoia ni ndefu, inakupa muda kidogo kabla ifike Rwambwa halafu Bunyala, lakini Nyando ni masaa tu. Kwa hivyo kwa mpango wowote wa kijiji cha chini laini ya kwanza kabisa inafaa iwe namba ya simu ya mtu wa juu. Si namba ya ofisi. Mtu. Mwenye duka karibu na daraja huko Muhoroni ama Chemelil, wa kupiga saa nane usiku aseme huku mto umebeba miti. Mipaka ya kaunti haimzuii mtu kupiga simu, ni mipango tu ndio inaishia mpakani.

"Tuta likijengwa tumemaliza"

Waulize watu wa Budalangi, huko huko Bunyala. Matuta ya Nzoia yalivunjika 2003, yakavunjika 2008, yakavunjika 2011. Tuta linasaidia, nisieleweke vibaya, lakini kila mwaka mto unaleta mchanga, sakafu ya mto inapanda, mpaka unapata maji yako juu kuliko shamba lililo nyuma ya tuta. Ng'ombe wanalipanda kila siku pahali pamoja, panya wanalichimba, mtu analima ubavuni. Na watu wakiona tuta wanajenga karibu zaidi, sasa likivunjika hasara ni kubwa kuliko kama halingekuwa. Halafu 2020 maji yalikuja kwa mgongo, kutoka ziwani, tuta la mto halikuwa na la kufanya. Kwa mpango, tuta liandikwe kama kitu kinachoweza kuvunjika, na iandikwe nani analitembea kila wiki na anampigia nani akiona shimo.

"Watu wa kule ni wakaidi, wanaambiwa wahame wanakataa"

Hapa nitakaa kidogo.

Mtu wa ofisi anasema watu wanakataa kuhama kana kwamba ni kiburi. Keti na hao watu uulize polepole. Mzee ana ng'ombe wanne, hao ng'ombe ndio benki, ndio karo, ndio mahari ya kijana. Kambi iko shuleni na mwalimu mkuu hataki mifugo. Sasa mzee anabaki. Mama anajua akitoka mabati yataondoka kabla maji yaondoke, kuna watu kazi yao ni hiyo. Kuna msichana wa miaka 15 na kambi ina vyoo viwili visivyo na taa, mamake anapiga hesabu yake. Kuna nyanya hawezi kutembea na hakuna mtu ameambiwa wewe ndio utambeba. Kuna mpangaji, hana boma hapo, kwa orodha ya msaada jina lake halimo kwa sababu orodha inaandikwa na mzee wa kijiji na mzee anaandika wenye mashamba. Na kuna mtu wa dawa za ARV anaogopa kambini zitaonekana.

Hakuna hata mmoja hapo ambaye ni mkaidi. Wote wamepima hatari mbili na wakachagua ile wanaijua. Ukitaka wahame, mpango useme ng'ombe wanaenda kwa uwanja gani wenye mwinuko na nani anawalinda usiku, useme vijana gani wanabaki kwa zamu kuangalia nyumba kutoka mahali salama, choo cha wamama kiwe na taa na komeo. Nyanya awe na majina mawili ya watu wa kumbeba, si moja, kwa sababu yule wa kwanza anaweza kuwa Nairobi.

Neno "walio hatarini" kwa ripoti huwa ni orodha ile ile: wanawake, watoto, wazee, walemavu. Inajazwa inaisha. Kule chini mambo ni tofauti. Kijana mwenye nguvu anayelala ziwani akivua omena yuko hatarini kuliko mama mwenye nyumba ya ghorofa mjini. Andikeni majina na sababu, mwaka ukigeuka muandike upya, watu wanazaa, wanakufa, wanahama.

"Tutengenezewe apu"

Mvua ikianza stima inapotea, mlingoti wa mtandao unafuata, na wengi wana kabambe, ile simu ndogo ya vibonye. Meseji ni sawa, WhatsApp ni sawa, redio ya Kijaluo ama ya Kiluhya ni bora zaidi, lakini ya mwisho kabisa ni filimbi, kengele ya kanisa, kipaza sauti cha msikiti na mtu wa boda anayejua njia. Na mtu asiyesikia agongewe mlango na jirani.

"Kwetu shida ni mafuriko tu"

Solai, Nakuru, tarehe 9 Mei 2018 usiku, bwawa la shamba lilipasuka, zaidi ya watu 40 wakafa. Mai Mahiu, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, takataka na miti zilikuwa zimeziba pale maji hupita chini ya reli, maji yakajikusanya yakaachiliwa kwa mpigo, zaidi ya watu 50. Mvua ilikuwepo mara zote mbili, lakini ukuta na uzibo ndio ulioua, na ukuta mtu anaweza kuutembelea kiangazi akauangalia. Ramani yako kama haina mabwawa ya watu binafsi yaliyo juu yako, na mifereji ya reli na barabara, bado haijaisha. Kule Naivasha watu wa Kihoto wanajua pia ziwa linaweza kupanda na lisirudi haraka, kwa hivyo mpango wa wiki mbili kambini haufai kwao kabisa.

Halafu radi. Kakamega, Kisii, huku ziwani, radi inapiga sana, na haingii kwa mpango wa mtu juu inasemwa ni ya kutumwa. Tunafunika vioo na kuvua nguo nyekundu. Radi haina habari na rangi, na gamubuti haizuii. Toka chini ya mti, toka majini, ingia nyumba ya kudumu ama gari lililofungwa, na shule iwekewe kinga ya radi. Basi.

"Pesa hakuna"

Kuna pesa, ila tunaitafuta kwa mlango mbaya. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, isiyozidi asilimia mbili ya mapato yake, na ni ya jambo la haraka ambalo halikutarajiwa. Sasa mafuriko ya Nyando ni ya kutotarajiwa kweli? Yanakuja kama karo. Ya kujiandaa inafaa iwe kwa bajeti ya kawaida, na bajeti inaanza na mpango wa maendeleo wa mwaka ambao kaunti lazima iupeleke kwa bunge lake kabla ya tarehe 1 Septemba. Watu wetu huamka kuuliza Aprili, na Aprili makadirio yenyewe ndiyo yanawasilishwa, ushachelewa. Wodi nyingi pia zina kamati ya mabadiliko ya tabianchi chini ya FLLoCA, mpango wa serikali wa kufadhili miradi ya tabianchi mashinani, na hiyo kamati ndiyo inachagua miradi, kwa hivyo jua mwakilishi wa kijiji chako ni nani.

Sisi tunapiga picha ile ramani ya majivu, tunaichora upya kwa karatasi moja, tunaandika vitu vitatu tunavyotaka, kalvati nyuma ya posho mill, choo cha kambi, mashua moja, tunapeleka nakala mbili ofisini na tunangoja ya kwetu ipigwe muhuri. Usipopigiwa muhuri, usiiache hapo.